Mita ya Umeme na Hesabu Yake

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, kama zile za Mbagala na Tandika katika Wilaya ya Temeke, au zile za Tandale na Mwananyamala katika Wilaya ya Kinondoni, kuna kisanduku kidogo chenye vibonyezo vya namba na kioo chembamba. Kisanduku hicho ndicho mita ya umeme. Watu huiita luku, na jina hilo limetokana na maneno manne, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Mwenye mita hii hana haja ya kungoja ankara ya mwisho wa mwezi. Hununua umeme kwanza, kisha huutumia. Na ule alioununua ukimalizika, taa huzimika.

Mara nyingi nyumba moja huwa na wapangaji wengi, kila mmoja na chumba chake, na wote hutumia mita moja. Usiku taa zikizimika ghafula, huchangishana fedha, na mmoja wao hununua umeme kwa simu au kwa wakala. Baada ya kitambo kidogo huletewa ujumbe wenye tarakimu 20. Mtoto aliye hodari wa kusoma huitwa asimame mbele ya mita, mwingine akimmulikia kwa tochi, naye huzibonyeza tarakimu zile moja moja. Akikosea hata moja, mita huzikataa. Asipokosea, taa huwaka, na watoto wa uani hupiga kelele za furaha.

Hapana waya mpya uliofungwa, wala hapana fundi aliyekuja. Zilizoingia ndani ya mita ni tarakimu tu. Je, mita imejuaje ya kuwa tarakimu zile ni za kweli, na ya kuwa umeme ulionunuliwa ni kiasi fulani? Kwa nini tarakimu zile zile zikibonyezwa mara ya pili hukataliwa? Na kwa nini mwaka 2024 watu waliambiwa wabonyeze tarakimu 60 badala ya 20? Majibu ya maswali haya yote yamo katika jambo moja, nalo ni jinsi mashine inavyoandika namba na kuzihesabu.

Ndani ya mita mna kompyuta ndogo sana. Haina kioo kipana wala herufi nyingi za kubonyeza kama kompyuta za ofisini, lakini moyo wake ni wa namna ile ile. Moyo huo huitwa prosesa. Ni kipande kidogo cha silikoni, na juu yake zimechorwa swichi nyingi mno zisizoonekana kwa macho, ziitwazo transista. Swichi ya taa hufunguliwa na kufungwa kwa kidole; transista hufunguliwa na kufungwa kwa umeme wenyewe.

Basi, swichi ina hali mbili tu. Ama imewashwa, ama imezimwa. Haina hali ya tatu. Kwa hiyo mashine iliyotengenezwa kwa swichi haiwezi kuandika tarakimu kumi kama waandikavyo watu. Yaweza kuandika tarakimu mbili tu, yaani 0 ikiwa swichi imezimwa, na 1 ikiwa imewashwa. Mtu asiyejua atadhani ya kuwa tarakimu mbili hazitoshi kuhesabia vitu vingi. Lakini sivyo. Mtaalamu wa Ujerumani, jina lake Gottfried Leibniz, alichapisha mwaka 1703 maelezo ya hesabu ya namna hii, akaonyesha ya kuwa kila namba yaweza kuandikwa kwa 0 na 1 peke yake. Wakati huo kompyuta zilikuwa hazijakuwapo duniani.

Watu huhesabu kwa kizio cha kumi, na yasemekana ni kwa sababu wana vidole kumi. Katika namba 247, ile 7 ni mamoja, ile 4 ni makumi, na ile 2 ni mamia. Kila nafasi iliyo upande wa kushoto hupita ile ya kulia mara kumi. Katika kizio cha mbili kanuni ni ile ile, ila kila nafasi hupita mwenzake mara mbili. Nafasi ya kwanza kutoka kulia ni ya 1, ya pili ni ya 2, ya tatu ni ya 4, ya nne ni ya 8, kisha 16, 32, 64, 128, na kuendelea.

Njia nyepesi ya kuifahamu hesabu hii ni kulitazama bao. Bao la Kiswahili lina safu nne, na kila safu ina mashimo 8, hivyo mashimo yote ni 32. Wazee wachezapo barazani huweza kuweka kete nyingi katika shimo moja. Lakini katika hesabu ya kizio cha mbili kuna sharti moja: shimo huwa na kete moja, au huwa tupu. Kila shimo la safu moja lipewe thamani yake, kutoka kulia kwenda kushoto. Namba 13 itakaa hivi:

Thamani: 128 – 64 – 32 – 16 – 8 – 4 – 2 – 1
Kete: 0 – 0 – 0 – 0 – 1 – 1 – 0 – 1

Shimo la 8 lina kete, la 4 lina kete, na la 1 lina kete. Nane na nne na moja ni kumi na tatu. Hapana njia nyingine ya kuiandika 13 katika safu ile, wala kete zikipangwa vile haziwezi kuwa namba nyingine. Safu ikijaa, kila shimo likiwa na kete, jumla yake ni 255. Kwa kuwa 0 nayo ni namba, safu ya mashimo 8 yaweza kuonyesha namba 256 mbalimbali, wala haiwezi kuonyesha hata moja zaidi.

Katika lugha ya wataalamu, shimo moja huitwa biti. Safu ya biti iliyo ndani ya prosesa, ambayo namba huwekwa ili ifanyiwe kazi, huitwa rejista. Prosesa ndogo huwa na rejista za biti 8, yaani safu moja ya bao. Nyingine zina rejista za biti 16 au 32. Prosesa za simu za siku hizi huwa na rejista za biti 64, sawasawa na mabao mawili yaliyowekwa pamoja.

Rejista si ghala. Ghala ya kompyuta huitwa kumbukumbu, na yaweza kubeba namba nyingi mno. Tofauti yake yafahamika kwa kumtazama fundi cherehani. Vitambaa vingi vimo kabatini mwake, lakini kile anachokishona ndicho kilicho chini ya sindano. Hawezi kushona kitambaa kilichomo kabatini. Sharti akitoe, akilete mezani, akishone, kisha akirudishe. Vivyo hivyo prosesa huchukua namba kutoka katika kumbukumbu, huiweka katika rejista, huifanyia hesabu, kisha huirudisha ghalani. Rejista ni chache. Katika prosesa nyingi za simu zenye biti 64, rejista za kazi za kawaida ni 31 tu. Lakini kazi yote ya hesabu hupita humo.

Mtu aweza kuuliza, rejista hukumbukaje namba iliyowekwa? Biti moja ya rejista hutengenezwa kwa transista chache zilizounganishwa, pande mbili zikikabiliana. Upande wa kwanza ukiwa na umeme, huuzuia upande wa pili usiwe nao. Na upande wa pili, kwa kukosa umeme, huuacha wa kwanza uendelee kuwa nao. Mfano wake ni watoto wawili waliokaa juu ya ubao wa kupembea. Mmoja akiwa chini, mwenziwe hukaa juu, na hubaki hivyo mpaka mtu aje awabadilishe. Hivyo biti hushika 0 au 1 mpaka amri nyingine ije. Lakini umeme ukikatika kabisa, rejista husahau yote. Kwa sababu hiyo mita huandika hesabu ya umeme uliobaki katika kumbukumbu ya namna nyingine, isiyosahau hata umeme ukikatika. Ndiyo maana mtaa mzima wa Keko waweza kukosa umeme usiku kucha, na asubuhi urudipo kila nyumba huikuta akiba yake vile vile.

Sasa yafaa kutazama jinsi rejista zinavyojumlisha. Kanuni zake ni tatu. Shimo tupu na shimo tupu hutoa shimo tupu. Shimo tupu na shimo lenye kete hutoa shimo lenye kete. Kete mbili zikikutana katika nafasi moja, shimo huachwa tupu, na kete moja hupelekwa katika shimo la kushoto. Jambo hili la mwisho ni lile lile wanafunzi walifanyalo darasani wanaposema andika sifuri, weka moja akilini. Kwa mfano, 13 na 6:

13: 0 0 0 0 1 1 0 1
6: 0 0 0 0 0 1 1 0
Jumla: 0 0 0 1 0 0 1 1

Hesabu huanza kulia. Nafasi ya kwanza ina 1 na 0, huandikwa 1. Ya pili ina 0 na 1, huandikwa 1. Ya tatu ina kete mbili, huandikwa 0 na moja huenda kushoto. Ya nne ina kete moja yake na ile iliyokuja. Huandikwa 0, na moja huenda kushoto tena. Nafasi ya tano ilikuwa tupu, basi kete ile hukaa hapo. Shimo la 16, la 2 na la 1 yana kete, na jumla yake ni 19.

Kuzidisha kwa mbili ni kazi nyepesi kuliko zote. Prosesa huzisogeza kete zote shimo moja kwenda kushoto. Ile 13 iliyoandikwa 00001101 huwa 00011010, yaani 26. Hapana jedwali la kuzidisha linalohitajiwa. Ni kusogea tu.

Kutoa nako kwafanywa kwa werevu. Prosesa haina haja ya kujifunza kanuni mpya, bali huugeuza mtoano kuwa mjumlisho. Ikitaka kutoa 5 katika 12, huichukua 5 iliyoandikwa 00000101, huigeuza kila biti, penye 0 pawe 1 na penye 1 pawe 0, ikapata 11111010. Kisha huongeza 1, ikapata 11111011. Namba hii huijumlisha na 12. Kete ya mwisho hutoka nje ya safu upande wa kushoto, wala haina pa kukaa, nayo hudondoka. Kinachobaki ni 00000111, yaani 7. Kwa njia hii mita hupunguza akiba ya umeme kadiri taa, redio na friji zinavyoutumia. Tena kwa njia hii hii prosesa hujua namba ipi ni kubwa. Hutoa moja katika nyingine, kisha hutazama kama kete imedondoka au haikudondoka.

Namba ikiwa kubwa kuliko rejista, prosesa huunganisha safu. Kete itokayo katika safu ya kwanza haidondoki, bali hupokewa na safu ya pili, na ya pili huipeleka ya tatu. Safu tatu za mashimo 8 ni biti 24. Idadi hii ya 24 yafaa ishikwe sana, kwa maana ndiyo iliyowasumbua watu wengi mwaka 2024.

Zile tarakimu 20 zinazobonyezwa katika mita ni namba moja kubwa. Mita huigeuza kuwa namba ya kizio cha mbili, nayo huwa na biti 66. Biti hizo zimegawanywa kwa kanuni iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, ambayo sasa hufuatwa katika nchi nyingi. Biti 2 na nyingine 4 husema ni amri ya namna gani. Biti 4 hutiwa kwa bahati nasibu. Biti 24 husema umeme ulinunuliwa dakika gani. Biti 16 husema umenunuliwa umeme kiasi gani, kwa kuhesabu sehemu za kumi za uniti. Mtu akinunua uniti 28, huandikwa 280, ambayo kwa kizio cha mbili ni 100011000. Biti 16 za mwisho ni za kuhakiki, ili tarakimu ikikosewa mita itambue. Kisha biti 64 kati ya zile 66 hufichwa kwa ufunguo wa siri ambao pia ni namba, na kila mita ina ufunguo wake. Ndiyo sababu tarakimu zilizonunuliwa kwa mita moja hazifai katika mita ya jirani.

Zile biti 24 za dakika zina kazi kubwa. Kompyuta iuzayo umeme huhesabu ni dakika ngapi zimepita tangu tarehe 1 Januari 1993, ikaandika hesabu hiyo ndani ya tarakimu za mnunuzi. Mita nayo huweka orodha ya dakika za manunuzi iliyokwisha kuyapokea. Zikija tarakimu zenye dakika iliyomo katika orodha, mita hujua ya kuwa zimekwisha kutumika, nayo huzikataa. Zikija zenye dakika ya zamani kuliko zote zilizomo katika orodha, huzikataa pia. Kwa hila hii njema hapana mtu awezaye kuwasha taa mara mbili kwa fedha za mara moja.

Lakini safu tatu za mashimo 8 zina mwisho wake. Namba zinazoweza kuandikwa kwa biti 24 ni 16,777,216 tu. Ikiwa kila moja ni dakika, jumla yake ni siku 11,650 na saa 20 na dakika 16. Mtu akihesabu siku hizo kuanzia 1 Januari 1993, atafika tarehe 24 Novemba 2024. Siku hiyo kete zingejaa katika mashimo yote 24. Dakika moja ikiongezwa juu yake, shimo la kwanza lingekuwa tupu na kete ingeenda kushoto, ikute shimo lenye kete, nalo liwe tupu, na hivyo hivyo mpaka la mwisho. Kete ingedondoka nje, na mashimo yote 24 yangebaki matupu. Hesabu ingerudi 0, kana kwamba ni 1 Januari 1993.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mita isingeharibika, wala waya usingekatika. Mita ingetii kanuni yake kwa uaminifu. Mpangaji wa Mbagala angelipa fedha zake, angepewa tarakimu 20 za halali, angezibonyeza bila kukosea, na mita ingezisoma na kuona dakika ndogo sana. Ingezilinganisha na orodha yake, ikaona ya kuwa ni za zamani, ikazikataa. Umeme uliokuwamo ungemalizika, na nyumba ingebaki gizani, mwenyewe akiwa na ujumbe wa malipo mkononi. Mama auzaye samaki waliogandishwa angeharibikiwa na bidhaa yake, na fundi wa kuchomelea vyuma angekosa kazi.

Lakini wataalamu walikuwa wameihesabu siku hiyo mapema. Hesabu yake haikuwa ngumu. Mwanafunzi ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya katika daftari lake. Basi mwaka 2024 shirika la umeme la Tanzania, yaani TANESCO, liliwatangazia wateja wake wa luku ya kuwa mita sharti ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba 2024. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Kenya na Uganda.

Njia iliyotumika ilikuwa hii. Mteja aliponunua umeme alipewa mafungu matatu ya tarakimu 20, jumla tarakimu 60. Fungu la kwanza na la pili hayakuwa na umeme ndani yake. Yalichukua ufunguo mpya wa siri wa mita ile. Ufunguo huo una biti 64, na fungu moja haliwezi kuubeba mzima. Hivyo fungu la kwanza lilibeba nusu yake, biti 32, sawa na bao zima, na fungu la pili likabeba biti 32 zilizobaki. Mita ilipozipokea nusu zote mbili, ilishika ufunguo mpya na kuifuta orodha yake ya dakika za zamani. Kisha fungu la tatu likaleta umeme. Tangu hapo dakika za mita ile zikahesabiwa kutoka mwanzo mpya, nao ni 1 Januari 2014.

Wako walionung'unika kwa wingi wa tarakimu, hasa wazee wasioona vizuri, na wale waliokosea wakabidi kurudia. Wengi waliwaita watoto wao wa shule wawasaidie. Watoto wale walisimama mbele ya mita wakabonyeza tarakimu 60, na kwa kazi ile ya dakika chache nyumba zao ziliokoka na giza.

Yawezekana mtu akauliza, kwa nini waliotunga kanuni hawakuweka biti nyingi tangu mwanzo? Wangaliweza, lakini tarakimu 20 haziwezi kubeba zaidi ya biti 66, na kila biti ilikwisha kupewa kazi. Kuongeza biti za dakika kungalipunguza biti za uniti au za kuhakiki, au kungaliwalazimu watu wabonyeze tarakimu nyingi zaidi kila wanunuapo umeme. Kila rejista na kila fungu la biti ni kama kibaba. Kibaba kikubwa huchukua mengi lakini ni kizito kubeba; kibaba kidogo ni chepesi, lakini hujaa upesi. Fundi mwema huchagua kipimo, kisha haisahau siku kitakapojaa.

Jambo hili si la mita za umeme peke yake. Kompyuta nyingi za zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 katika namba ya biti 32, biti moja ikiwa ni alama ya kuonyesha kama namba ni chini ya sifuri. Biti 31 zinazobaki zitajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa sababu hiyo mafundi wa nchi nyingi wamekuwa wakizibadili kompyuta hizo zihesabu wakati kwa biti 64, kibaba ambacho hakitajaa kwa miaka mamilioni mengi.

Nazo mita zilizoanza kuhesabu upya kutoka 1 Januari 2014 zina siku yake. Mashimo yale 24 yatajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Mtoto aliyebonyeza tarakimu 60 mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 12, siku hiyo atakuwa mtu mzima wa miaka 33. Huenda atakuwa na nyumba yake Temeke au Kinondoni, na huenda yeye mwenyewe atakuwa fundi wa umeme au wa kompyuta.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Dakika ni kitu kidogo, lakini dakika zikiongezwa moja moja kwa karibu miaka 32, zilikijaza kibaba cha mita. Tena walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulionekana mapema na watu waliojua hesabu, nao wakauziba kabla giza halijaingia.

Maswali

1. Kwa nini kompyuta hutumia tarakimu mbili badala ya kumi?
2. Namba 21 huandikwaje katika safu ya mashimo 8?
3. Ni namba gani iliyoandikwa 00101100? Ikisogezwa shimo moja kwenda kushoto huwa ngapi?
4. Kuna tofauti gani kati ya rejista na kumbukumbu?
5. Kwa nini mita isingezipokea tarakimu za halali baada ya 24 Novemba 2024, kama isingaliboreshwa?
6. Kama dakika zingaliandikwa kwa biti 25 badala ya 24, kuanzia 1 Januari 1993, kibaba kingalijaa baada ya miaka mingapi hivi?